Mbwa Aliyelelewa Ndani ya Lango

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ana mbwa, na kila Jumamosi humchemshia omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, na unga wa mahindi kwenye sufuria moja. Harufu ile hupanda ngazi, huingia kwangu bila hodi, nami hufunga madirisha yote. Watu wa nyumbani mwangu hudhani sipendi omena. Omena nakula vizuri tu, tena zile za kukaangwa na nyanya nyingi. Kinachonishinda ni omena na unga pamoja, bila chumvi, kwa sababu hiyo ni harufu ya jikoni kwa Senge asubuhi, na chakula chenyewe kilikuwa cha Chapo.

Sisi Wakipsigis tukisema senge tunamaanisha dada ya baba. Wangu aliitwa Chelangat, na ndiye aliyenilea wakati baba na mama walikuwa Naivasha kwenye mashamba ya maua. Aliishi upande wa Mogogosiek, juu ya kipande cha chai kinachoteremka hadi mtoni. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mimi, na Chapo. Sijui nani alikuwa wa kwanza moyoni mwake. Siku nyingine niliamini ni Chapo, na sababu ninazo: mimi nilichapwa nikikosea, lakini Chapo hakuwahi kuguswa hata na kandambili.

Alikuwa mbwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, yale ya chapati iliyokaa sana juu ya moto, na jina lake likatokana na hapo. Majirani walifuga mbwa kwa njia mbili. Kuna waliowafungia kutwa nzima ndani ya kisanduku chenye giza ili usiku wawe wakali, na kuna waliowaacha wazurure wakijitafutia. Senge alizichukia njia zote mbili. Alisema mbwa wa kufungiwa gizani hupoteza akili, na mbwa wa kuzurura humletea mwenyewe kesi. Yeye akapanda ua wa michongoma kuzunguka boma, akatengeneza lango la mbao lenye wavu wa kuku sehemu ya chini, na ndani ya hapo Chapo akawa huru kabisa. Nje ya hapo hakutoka hata siku moja.

Na kwa kuwa hatoki, Senge aliona ni wajibu wake kuhakikisha hachoki na nyumbani. Alijaza gunia maganda ya mahindi akalining'iniza kwenye mti wa parachichi, Chapo akawa anarukia na kulivuta huku ananguruma, akiliua kila siku, nalo kesho yake liko palepale. Alitoboa mtungi wa plastiki, akatia omena kavu ndani, mbwa akawa anausukuma kwa pua uwanja mzima mpaka zidondoke. Tukienda kuchuma chai, redio iliachwa chini ya paa ikisema, ili asione yuko peke yake. Ilikuwa stesheni yetu ya Kikalenjin, na saa zile hutangaza vifo. Kwa hiyo Chapo alilala kivulini, masikio yamesimama, akisikiliza nani amefariki, ameacha watoto wangapi, na atazikwa lini.

Mama Njeri, mwenye duka la barabarani ambaye wazazi wake walitoka Nyeri na kuja huku zamani, hakuweza kuvumilia kichekesho hicho. Yeye ndiye aliyetuuzia omena.

"Sasa wewe Chelangat," alisema siku moja akipima omena kwa kikombe, "hii mbwa imeshinda wengi wetu. Ina redio, ina gunia la kuchezea, ina mpishi. Imebaki tu kuletewa bibi."

"Ikitaka bibi itaniambia," Senge akamjibu. "Wewe pima omena, usiibe."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, nakuambia."

"Huyu halii. Ndiyo maana ninamchelea."

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, ingawa methali yenyewe sikuielewa. Nilidhani inahusu watoto wanaolia dukani wakitaka peremende.

Kisha gari la idara ya mifugo likapita na kipaza sauti. Mbwa wote wapelekwe kwenye kituo cha kuuzia majani chai, watachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Asubuhi hiyo njia yetu ilijaa watoto na mbwa wamefungwa kamba za katani, vitambaa, hata tai ya shule. Nilimwomba Senge tumpeleke Chapo. Nia yangu, nikisema kweli, ilikuwa kumwonyesha kwa watu. Hakuna aliyekuwa na mbwa mzuri hivyo.

"Chapo aende kufanya nini huko?" Senge alisema. "Huko kutakuwa na mbwa wa kila aina, wengine wa kutoka mpaka Sigor, wanatemeana mate na kung'atana. Huu ugonjwa hupatikana kwa kuzurura. Huyu wangu hazururi. Nimpeleke nikamtafutie ugonjwa?"

Nililiona jambo hilo kuwa la akili sana. Hata leo nikilirudia kichwani, lina mantiki yake: kila neno ni sawa isipokuwa lile la mwisho. Hakuwa mtu mjinga, wala hakuwa mvivu wa kutembea hadi kituoni, maana kila siku ya kuchuma alitembea hapo na kikapu mgongoni. Alimpenda mno yule mnyama, basi, na akaamini kwamba ua wa michongoma unaweza kuzuia kila kitu.

Mbwa yule mgeni alikuja mchana. Nilikuwa nimeketi kizingitini nikimenya viazi. Alitokea kwenye kijia kati ya mistari ya chai, mwekundu, amekonda, anatembea upande upande kama mlevi aliyesahau kwao. Chapo akamkimbilia langoni akibweka. Kwa kawaida mbwa wa nje hubweka pia, au hukimbia. Huyu hakubweka wala hakukimbia. Alikuja moja kwa moja akasukuma uso kwenye wavu, pua kwa pua na Chapo, ikasikika purukushani fupi, halafu akaachia na kuendelea na njia yake. Nilimcheka. Nilifikiri Chapo wetu amemtisha.

Senge aliporudi aliona mdomo wa Chapo umechanika kidogo. Akauosha kwa maji ya chumvi, akampaka jivu, akampa maziwa. "Kongoi, askari wangu," alimwambia, akimshukuru kwa lugha yetu. "Umelinda." Siku chache baadaye Mama Njeri alitueleza kwamba karibu na kiwanda watu wameua mbwa mwekundu kwa mawe, alikuwa anauma hata miti. Senge akasema mbwa wekundu ni wengi. Kidonda cha Chapo kilipona vizuri na mambo yakarudi yalivyokuwa, gunia likavutwa, mtungi ukasukumwa, redio ikatangaza vifo.

Mvua za jioni zilikuwa zimeanza Chapo alipobadilika. Kwanza aliacha gunia. Alijificha nyuma ya zizi, ukimwita anakuangalia tu kama anayejaribu kukumbuka mmekutana wapi. Kisha sauti yake ikaharibika, ikawa ya kukwaruza. Siku iliyofuata taya la chini lilikuwa limelegea, mdomo haufungi, mate yanadondoka kifuani kwa nyuzi ndefu. Aliusogelea mtungi wa maji, akatumbukiza pua, na hakuweza kumeza.

"Ni mfupa," Senge akasema papo hapo, na nikaona uso wake umepata nafuu. Mfupa ni kitu anachokijua. Jumamosi alikuwa amemletea mifupa kutoka buchari, na ng'ombe wetu mwenyewe aliwahi kukwamwa na parachichi kooni, Senge akaliondoa kwa mkono huku majirani wakishangilia. "Chebet, leta mafuta ya kupikia kidogo. Halafu umshike mgongoni, taratibu, usimwogope. Anaumia, maskini."

Nilimshika. Alikuwa anatetemeka, na alikuwa na joto. Aligeuza kichwa akanilamba mkono, ule uliokuwa na mikwaruzo ya matawi ya chai, nami nikafurahi kwamba bado ananijua. Senge alifunga kitambaa mkononi, akaona hahisi kitu, akakitoa. Akaingiza mkono mtupu mpaka koo. Alitafuta kwa muda, huku akimwimbia kwa sauti ya chini, maneno yale ya kumbembeleza mtoto anayeota meno. Chapo hakumng'ata. Hilo ni kweli, na ningeapa mahakamani. Taya halikuwa na nguvu ya kung'ata chochote. Lakini meno yalikuwepo, na mkono ulipotoka vidole viwili vilikuwa vimechubuka na damu kidogo.

"Umeshuka," alisema, akijifuta kwa leso. "Nimeusikia ukishuka."

Hakukuwa na mfupa wowote. Kesho yake Chapo hakuweza kusimama. Baba mdogo Kirui, ndugu ya Senge anayekaa ng'ambo ya bonde, alikuja kuchukua jembe lake, akiwa bado langoni akamwona Chapo, na hakuingia. Akapiga simu. Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki, akasimama mbali na kuuliza maswali machache. Kabla hajamaliza, Chapo alikuwa amekata roho nyuma ya zizi.

"Mama, hii mbwa ilichanjwa?" daktari aliuliza.

"Hatoki nje," Senge akajibu.

"Nimeuliza kama ilichanjwa."

"Nimekuambia hatoki."

Daktari alitaka kichwa kipelekwe maabara. Senge alisimama mbele ya mzoga na kusema yeyote atakayemkata Chapo aanze na yeye. Wakaelewana azikwe kwa kina kirefu. Daktari alivaa glavu akasaidia, na kabla ya kuwasha pikipiki akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mwenye ameguswa na mate ya hii mbwa aende hospitali leo. Sio kesho. Leo."

Na Senge alikwenda leo. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia hasira kila nikiifikiria, kwamba hakuchelewa. Alinisugua mkono kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawaka, akanipakia kwenye boda boda kati yake na dereva, na mvua ikitunyeshea akanipeleka hadi hospitali kubwa. Pale muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya kuchoka na mikono laini, aliniosha tena kwenye bomba kwa muda ambao niliona hautaisha. Kisha zikaja sindano. Nililia hadi nikaishiwa sauti. Nilidhani naadhibiwa kwa kumshika Chapo vibaya.

"Na wewe, mama?" muuguzi aliuliza akiandaa pamba. "Wewe haikukuuma?"

"Hakuniuma," Senge alisema.

"Senge aliingiza mkono mdomoni," nikasema katikati ya kilio. "Aliutafuta mfupa. Akatoka damu."

Senge akacheka, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya muuguzi. Yeyote aliyeona mikono ya mchuma chai wakati wa kupogoa anajua muuguzi aliona nini: vidole vyeusi kwa utomvu, michubuko mipya juu ya ya zamani, mikato ya kisu, kucha zilizopasuka. Ungemwambia mtu akuonyeshe lile chubuko la jana, asingeweza.

"Hii ni chai, sista. Tunapogoa. Mtoto ameona damu akachanganya."

"Hata kama ni chai, afadhali uchanjwe. Haidhuru."

"Nitachanjwa siku ile nitamrudisha mtoto. Leo mkono wake ndio muhimu."

Kila aliponirudisha alikuwa na sababu nyingine. Siku moja alidai kichwa kinamuuma, siku nyingine ng'ombe alikuwa akingoja kukamuliwa na foleni ilikuwa ndefu. Mimi nilishajua sababu yenyewe, au nilidhani najua. Alikuwa anaogopa sindano. Jambo hilo lilinifurahisha mno, maana mimi sasa nilikuwa shujaa. Njiani nilimwimbia nyuma ya boda boda, "Senge anaogopa sindano," na dereva akasaidia kuitikia. Senge alicheka akanifinya sikio.

Hakuwa anaogopa sindano. Nimezaa watoto sasa, nimefuga vitu, nimezika watu, na naona ninavyoona. Kijiji kizima kilikuwa kimemcheka kwa miaka kwa jinsi alivyomtunza yule mbwa, na yeye akajibu kwa kicheko kwa sababu alijua yuko sahihi. Kutoa mkono ule achomwe kungekuwa kusema mbele ya watu kwamba Chapo alimuuma, kwamba lango halikufaa kitu, na kwamba wale waliowaburuta mbwa wao kwa kamba za katani walikuwa na akili kumshinda. Alikuwa radhi nipelekwe mimi, maana kulambwa ni mapenzi na hakuna anayemlaumu mbwa kwa kulamba. Kwake kuuma ni jambo linalofanywa na mbwa, na lile la mfupa alilifanya yeye mwenyewe. Alimtetea mbwa aliyekwisha kufa. Nampenda Senge, na kwa hili sijamsamehe.

Ilianza na kujikuna. Alikuna vidole, kisha kifundo, kisha mkono mzima hadi bega, akisema kuna wadudu kwenye chai. Akaacha kulala. Upepo ukipita mlangoni alishtuka na kushika koo, akaniamuru nifunge, na mimi nilikuwa nimefunga. Asubuhi moja nilimtengenezea chai mwenyewe, ya maziwa, na majani mengi kama anavyopenda, nikambebea kitandani kwa mikono miwili. Aliinua kikombe. Kabla hakijafika mdomoni shingo yake ilikakamaa, macho yakamtoka, na kikombe kikaruka kikapasukia ukutani.

Nilidhani amenikasirikia. Nilidhani nimezidisha sukari. Niliokota vipande nikilia na kumwomba msamaha, naye hakuweza kunijibu, aliniangalia tu huku anahema. Nilimtengenezea nyingine, bila sukari.

Alipoiona ile ya pili akageuka ukutani. Hapo, nafikiri, alijua. Aliniita kwa jina, sauti ikiwa ya kukwaruza, akaniambia nisimame palepale mlangoni nisisogee.

"Umemaliza sindano?"

"Bado moja."

"Utaenda hiyo moja. Hata kama sitakuwepo, utaenda. Sema utaenda."

"Nitaenda, Senge."

"Sasa toka. Funga mlango kwa nje, halafu ukimbie kwa Kirui."

Baba mdogo na wanaume wengine walimbeba kwa gari, amefungwa kwa shuka. Mimi niliachwa kwa Mama Njeri, nikalala nyuma ya duka kati ya magunia, na hakuna aliyenichekesha. Senge hakurudi. Kwenye mazishi mhubiri alisimama juu ya udongo mwekundu akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wakatikisa vichwa. Kweli ilikuwa kweli, lakini nilitamani kumrushia bonge la udongo. Wengine walinong'ona kuhusu redio na mtungi wa omena, wakaona wamepata funzo. Mama Njeri pekee ndiye aliyelia kwa sauti, akisema kwa Kikuyu mambo ambayo sikuyaelewa.

Sindano ya mwisho ilifika baada ya hapo. Baba mdogo Kirui alikuwa amesahau, na nyumba ilikuwa bado imejaa wageni. Mimi ndiye niliyemvuta koti nikamwambia ni leo. Tukaenda. Nilikaa kwenye kile kiti cha chuma nikakunja mkono wa sweta, na muuguzi yule yule mnene akaja na pamba yake.

"Ah, mgonjwa wangu shujaa," alisema, akinipapasa mkono. "Leo tunamaliza. Na mama yako yuko wapi? Yule wa kunikwepa kila siku? Leo nilisema lazima nimshike."

Baba mdogo alitazama sakafu.

"Si mama, ni senge," nikamwambia. "Yeye ndiye aliumwa. Mimi nililambwa tu."

Muuguzi alisimama na sindano mkononi. Alimtazama baba mdogo, na baba mdogo hakuinua kichwa. Aliiweka sindano kwenye sinia, akageukia dirisha. Halafu akanawa mikono upya, akaichukua tena, akanichoma.